Kikoleo cha Mzee Grisi

MZEE GRISI: Haloo? Nani huyo anayehema hivyo?

CHIRIKU: Mimi, Baba! Shikamoo! Mimi—

MZEE GRISI: Mimi nani? Namba hii siijui. Kama ni nyie wa kusema nimejishindia friji, nilishawaambia friji ninalo.

CHIRIKU: Baba, ni mwanao! Chiriku!

MZEE GRISI: Chiriku! Marahaba, marahaba. Simu yako iko wapi? Imeibwa?

CHIRIKU: Imeisha chaji. Hii ya mpishi wa kambi, kaniazima, na salio lenyewe la kudonoa. Baba, nisikilize—

MZEE GRISI: Unalia?

CHIRIKU: Silii, nacheka! Nacheka na kulia pamoja, sijielewi hata mwenyewe. Baba, nimeshinda!

[Mtandao unakwaruza.]

MZEE GRISI: Umeshindwa?

CHIRIKU: Nimeshinda!

MZEE GRISI: Haya, pole mwanangu. Utajaribu tena mwakani. Hata kukata tiketi getini nako ni kazi, mbona wageni wote wanakusifu—

CHIRIKU: NI-ME-SHI-NDA! Mashindano ya shabaha! Askari arobaini na wawili, vituo vyote vya hifadhi, na wa kwanza ni mimi, mkata tiketi!

[Upande wa pili, ndoo inagonga sakafu.]

CHIRIKU: Baba? Upo?

MZEE GRISI: Nipo. Nimekaa. Nilikuwa nimesimama.

CHIRIKU: Umekaa wapi?

MZEE GRISI: Karakana, huku nyuma ya nyumba. Nimekalia ndoo ya grisi... Aa. Haina kifuniko.

CHIRIKU: Baba!

MZEE GRISI: Achana nayo, suruali ya kazi hii. Sema tena. Wa ngapi?

CHIRIKU: Wa kwanza! Na kilichoniokoa ni kikoleo chako.

MZEE GRISI: Kikoleo gani?

CHIRIKU: Gani tena! Kile cha kutengenezea bunduki, ulichojifungia nacho miaka miwili humo karakana. Kile cha kukunja, cha mfukoni. Kile shangazi anachokiita mkasi wa kukatia kucha za tembo.

MZEE GRISI: Shangazi yako hajui vyuma. Umekitumia? Kweli? Umetumia nini, bisibisi? Ndoano? Ile sindano ya kusukumia pini? Skrubu ya katikati imelegea?

CHIRIKU: Ngoja nianze mwanzo.

MZEE GRISI: Anza na skrubu.

CHIRIKU: Haijalegea, Baba!

MZEE GRISI: Afadhali. Sasa anza mwanzo.

CHIRIKU: Fainali tumebaki wawili, mimi na Nanga. Unamkumbuka Nanga?

MZEE GRISI: Wa kituo cha mlimani? Bingwa mara nne? Bunduki yake nimeitengeneza mimi miaka mingi pale ghala la silaha. Mtu hatabasamu yule, hata umtekenye.

CHIRIKU: Huyo huyo! Basi kila mtu ana sahani tano za chuma za kuangusha, risasi sita, dakika tatu. Nanga kaanza yeye. Sahani nne, chali. Ya tano kaikosa mara mbili, risasi zikaisha. Nne! Kwa hiyo mimi lazima niangushe zote tano. Nikapiga goti. Ya kwanza, pa! Ya pili, pa! Ya tatu, pa! Ya nne—

MZEE GRISI: Pa?

CHIRIKU: Wapi! Bunduki imegoma.

MZEE GRISI: Magazini ulitoa?

CHIRIKU: Nilitoa.

MZEE GRISI: Kabla ya kitu kingine chochote?

CHIRIKU: Kabla hata ya kupumua, Baba.

MZEE GRISI: Na mtutu ulielekea wapi?

CHIRIKU: Kwenye shabaha! Mdomo wa bunduki hautazami mtu, umeniimbia hivyo tangu nina meno ya utoto. Nitamalizia lini mimi?

MZEE GRISI: Endelea, endelea, nani amekuzuia?

CHIRIKU: Kuchungulia ndani, ganda la ile risasi ya tatu limeng'ang'ania humo humo. Kile kijino kinachovuta ganda litoke kimejaa masizi, kinateleza tu. Na sheria unaijua. Bunduki ikigoma unajitengenezea mwenyewe, kwa ulichonacho mfukoni. Fundi haruhusiwi kukusogelea. Na saa haisimami.

MZEE GRISI: Ilibaki muda gani?

CHIRIKU: Dakika moja na kitu. Watu wameshaanza kukunja viti! Kuna mmoja wa kituo cha Nanga kapiga kelele, "Mkata tiketi, rudi getini, wageni wanasubiri!" Nikaingiza mkono mfukoni, nikakitoa kikoleo, kikaanguka.

MZEE GRISI: Kikaanguka?

CHIRIKU: Mchangani.

MZEE GRISI: Kilifunguka? Mchanga uliingia kwenye bawaba?

CHIRIKU: Wala! Kimejifunga kama kobe.

MZEE GRISI: Heee! Springi ile nimeibadilisha mara nane. Mara nane, Chiriku! Halafu?

CHIRIKU: Nikafungua ndoano ya shaba—

MZEE GRISI: Ya shaba, maana shaba haikwaruzi chuma cha ndani.

CHIRIKU: —nikaipenyeza kwenye ukingo wa ganda, nikavuta. Ng'o. Nikavuta tena. Ng'o! Jasho linaniingia machoni, mtunza saa anahesabu kama anafukuzwa. Ndipo nikaizungusha kidogo—

MZEE GRISI: Kushoto?

CHIRIKU: Kushoto!

MZEE GRISI: Eeeh! Kushoto!

CHIRIKU: Ganda likaruka! Likaenda moja kwa moja kwenye kofia ya mwamuzi, ngongoo!

MZEE GRISI: [Anacheka mpaka anakohoa.] Mwamuzi yule mnene?

CHIRIKU: Huyo huyo! Kainama kama kashambuliwa na nyuki. Mimi sina habari naye. Kikwaruzo kwenye kijino, mara mbili, masizi yakapukutika. Magazini ndani. Mtunza saa anasema zimebaki sekunde ishirini na mbili. Nikalenga, pa! Ya nne, chali! Nikageukia ya tano, pa! Ikayumba.

MZEE GRISI: Ikayumba?

CHIRIKU: Ikayumba mbele.

MZEE GRISI: Chiriku...

CHIRIKU: Ikayumba nyuma. Hata mpishi kaacha kukoroga sufuria, mwiko uko juu.

MZEE GRISI: Mtoto wewe, utaniua kwa presha! Ikawaje?

CHIRIKU: IKAANGUKA!

[Kishindo. Makopo yanaviringika.]

CHIRIKU: Baba! Nini hicho? Umeanguka?

MZEE GRISI: Nimeruka. Rafu ndiyo imeanguka. Misumari yote chini. Acha ilale huko huko!

CHIRIKU: [Anacheka.] Na Nanga kacheka, Baba! Kaja kanikumbatia, kacheka meno yote nje. Watu wa kituo chake wenyewe hawakujua kama ana mwanya!

MZEE GRISI: Nanga kacheka! Basi mimi sina la kuongeza.

[Nyuma, watu wanapiga sufuria na kuimba.]

MZEE GRISI: Nini hiyo?

CHIRIKU: Wananiita. Wana wazimu hawa, wamemvika mpishi kofia yangu... Nakuja! Nakuja, naongea na mzee! ... Baba?

MZEE GRISI: Naam.

CHIRIKU: Ile nafasi ya doria aliyoahidiwa mshindi ni yangu. Tarehe mosi naingia porini na kikosi.

[Mtandao unakwaruza.]

CHIRIKU: Baba, umenisikia?

MZEE GRISI: Nimesikia.

CHIRIKU: Ulisema hutaki.

MZEE GRISI: Nilisema.

CHIRIKU: Mwaka mzima hujaniuliza habari ya mazoezi. Nikianza tu kusimulia, unawasha mashine ya kunolea.

MZEE GRISI: Vilikuwepo vya kunoa.

CHIRIKU: Vya kunoa! Sahani ya chakula ikiwa mkononi? Halafu siku naondoka, nafungua begi stendi, nakuta kikoleo kimefungwa kwenye kitambaa chako cha kufutia. Hakuna neno, hakuna kwaheri.

MZEE GRISI: Ulitaka nikuandikie barua?

CHIRIKU: Ungesema tu.

MZEE GRISI: Mkata tiketi wa getini, ndoano ya shaba anaipeleka wapi, Chiriku?

CHIRIKU: ...Baba.

MZEE GRISI: Usianze kulia kwenye salio la watu. Lipi jingine? Nakujua, una jingine.

CHIRIKU: Kikoleo sinacho tena.

MZEE GRISI: Kiko wapi? Chiriku! Umekipoteza?

CHIRIKU: Mkuu wa ghala la silaha kakichukua. Anazunguka nacho uwanja mzima, anakifungua, anakifunga, anakinusa. Nimemwomba mara tatu, anasema "dakika moja," anaondoka nacho.

MZEE GRISI: Yule? Yule nimemfundisha mimi kushika bisibisi! Alikuwa anaweka pini kinyumenyume! Mwambie akirudishe.

CHIRIKU: Anasema kila askari wa doria anatakiwa awe na kitu kama hiki. Anataka uje Alhamisi. Ukae na mafundi wake pale ghalani, uwaonyeshe jinsi unavyokitengeneza.

MZEE GRISI: Siendi.

CHIRIKU: Baba, sikia kwanza—

MZEE GRISI: Siendi. Nimemaliza miaka thelathini na moja pale, nikaaga vizuri, basi. Mwambie nitamchorea kwenye karatasi.

CHIRIKU: Ukichora unajua itakavyokuwa.

MZEE GRISI: Ndiyo. Kwa mikono yangu hii, itakuwa mistari ya nyoka. Na wakiona navyoshika tupa wataniangalia vile walivyoniangalia mwezi ule wa mwisho. Wananipokonya kazi mkononi, eti "acha nikusaidie, Mzee." Siendi, mama. Wape salamu.

CHIRIKU: Unajua kaniuliza nini?

MZEE GRISI: Sitaki kujua.

CHIRIKU: Kauliza kwa nini mpini wake mnene hivi, na wa dukani ni mwembamba.

MZEE GRISI: ...Ukamwambia?

CHIRIKU: Nimemwambia kilichonipata mimi leo. Unadhani kwa nini kilianguka mchangani? Mikono ilikuwa inanitetemeka, Baba! Yote miwili! Nimebakiwa na sahani mbili, watu wanazomea, vidole vinacheza kama vya mtu mwenye homa. Kukiokota, mpini ule ukanijaa kiganja kizima, mkono ukatulia. Hivi hivi, ukatulia! Ningekuwa na ule mwembamba, sasa hivi bado nimepiga goti pale nautafuta mchangani.

[Mtandao unakwaruza.]

CHIRIKU: Nikamwambia, aliyekitengeneza anajua mkono unaotetemeka unataka nini. Wa dukani hawajui.

MZEE GRISI: Yeye kasemaje?

CHIRIKU: Kasema, "Mlete mzee huyo Alhamisi hata kwa kumbeba mgongoni."

[Mtu anapenga kamasi.]

MZEE GRISI: Saa ngapi?

CHIRIKU: Eeeh?

MZEE GRISI: Alhamisi. Saa ngapi?

CHIRIKU: Saa tatu asubuhi! Gari litakufuata nyumbani! Iiiii! Anakuja! Jamani, mzee anakuja!

[Nyuma, watu wanashangilia.]

MZEE GRISI: Usipige kelele sikioni, wewe! Suruali yangu nzuri haifungi, ile ya kijivu. Kifungo kinafika nusu ya safari kinarudi.

CHIRIKU: Si unaye jirani mshonaji! Ataipanua kiunoni siku hiyo hiyo.

MZEE GRISI: Mama Cherehani? Kweli. Halafu nitawapelekea kikoleo cha sita nilichotengeneza, siyo hicho cha tano nilichokupa. Cha sita bawaba yake laini zaidi. Na yule mkuu wao asikishike mpaka anawe mikono!

CHIRIKU: Baba, salio linakatika, kinalia kitu humu. Na wananiita picha—

MZEE GRISI: Ngoja, usikate. Ngoja hapo hapo. [Mlango wa bati unafunguliwa.] Mama Cherehani! Mama Cherehani! Toka nje!

CHIRIKU: Baba, umetoka? Uko barabarani?

MZEE GRISI: Niko barabarani, kwani nimefungwa? ... Mama Cherehani! Acha hilo gauni! Mwanangu kashinda! ... Shabaha! Kawapiga wote! ... Wangapi? Mia mbili!

CHIRIKU: Arobaini na wawili!

MZEE GRISI: Kumbe bado upo?

CHIRIKU: Nipo!

MZEE GRISI: Usiniharibie, mtoto. ... Ndiyo, Mama Cherehani, ni yeye kwenye simu. Anasema nikusalimie.

CHIRIKU: [Anacheka.] Msalimie! Baba, mwambie pia—suruali—usisahau ku—

[Mtandao unakwaruza.]

MZEE GRISI: Anasema nini? Haloo? Ongea kwa nguvu!

CHIRIKU: —Alhamisi! Nitakusubiri geti—

[Tuut. Tuut. Tuut.]

MZEE GRISI: Haloo? Chiriku? Haloo? ... Imekata. Salio la mpishi hilo, nimelimaliza lote. [Anacheka.] Grisi? Ah, hiyo nimekalia ndoo, hadithi ndefu. Wewe sogea hapa, Mama Cherehani, uache nafasi. Mwite na muuza mkaa aje. Nyinyi simameni hapo, nyinyi ndio sahani. Sasa tazameni mwanangu alivyopiga goti.