Jemutai na Mashetani wa Kicheko Park

Kijiwe chetu cha Kiplombe kina benchi moja tu, na benchi hilo lina wenyewe. Limeegemea kibanda cha Jemutai muuza chai, na mgeni akilikalia asubuhi hutazamwa mpaka ainuke kwa hiari yake. Mwisho wa kulia hukaa Mzee Otiende, anayeitwa Profesa kwa sababu alifundisha historia miaka mingi na mpaka leo hajaacha. Katikati ni Kipyego, jina la kijiweni Pesi: enzi zake kazi yake ilikuwa kuwavuta wakimbiaji wengine kwa kasi, kisha anatoka mbio zikiwa nusu, na hadithi zake nazo huziacha hapo hapo. Kushoto ni Vincent, mkulima wa mahindi, wanayemwita Waziri kwa kuwa ana jibu la kila jambo na hakuna anayemuuliza. Asubuhi hiyo Jemutai aliwamiminia chai, akafuta mikono kwenye aproni, akasema neno lililomfanya Profesa apaliwe.

— Nimepata nafasi ya kibanda pale geti la Kicheko Park. Ajenti anataka jibu leo. Nikisema ndio, wiki ijayo nahama.

— Kwani hapa kuna shida gani? Profesa aliuliza.

— Tangu stegi ya matatu ihamishiwe huko, Mzee, hapa nauzia nani? Nyinyi watatu na vumbi.

Kicheko Park iko barabara hiyo hiyo, mbele kidogo. Ni uwanja wa michezo ya watoto uliofungwa zamani. Gurudumu kubwa la kubembea limeshika kutu, na farasi wa mbao wamezama kwenye nyasi hadi shingoni. Profesa alitazama upande huo. Alikuwa mjane, nyumba yake kimya kutwa nzima. Jemutai akiondoka na birika lake, kijiwe kimekufa, na yeye angeongea na nani? Aliogopa kweli kweli, ila mtu mzima wa Kiplombe hasemi ameogopa. Akakohoa kama yuko mbele ya darasa.

— Mama, wewe historia ya pale huijui.

— Nimezaliwa hapa, Mzee!

— Kuzaliwa ni kitu ingine. Sasa sikia. Lile gurudumu halikuwa na mota. Lilikuwa linazungushwa na trekta. Msimu wa kupanda ukafika, mwenyewe akafungua trekta akapeleka shamba. Na watu wako huko juu!

— Ai! Wakashuka aje?

— Wakaruka. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa kanisa, na kofia yake, alikataa katakata. Alisema hashuki mpaka mzunguko uishe. Mpaka wa leo yuko huko. Ukipita jioni utamsikia akiita hiyo trekta.

Waziri alitikisa kichwa kwa dharau.

— Hiyo ni kidogo. Mahindi yangu huliwa na nani? Watu wanasema nyani, wengine wanasema wezi. Ni wale farasi, bana!

— Farasi wa mbao, Waziri? Jemutai akauliza.

— Ndio hao wabaya! Hawana tumbo, watashiba lini?

— Bibi yako alituambia ni ng'ombe zenu zilifungua boma.

— Huyo hakusomea kilimo.

Jemutai alicheka, lakini mkono aliokuwa ameshikia simu ili ampigie ajenti ulisita. Profesa aliuona ukisita, akafurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi kwake. Hata hivyo hakurudi nyuma. Alimpiga Pesi kiwiko ili aendeleze kazi ya kumtisha.

— Hawa wote walisikia tu, Pesi akasema. Mimi niliona. Juzi alfajiri nilikuwa nakata njia pale ndani ya Park, ukungu umeshika, hata mkono wako huoni. Nikasikia pumzi. Si ya mtu mmoja! Na miguu, tap tap tap, inazunguka. Kuangalia nyuma, naona mashati meupe tu, vichwa hakuna. Nikachomoka! Nikiongeza, wanaongeza. Nikipunguza, wako kisogoni. Wacha tu. Mimi nilikuja kusimama Munyaka.

— Munyaka, ng'ambo ya mji? Na hilo goti lako bovu?

— Goti lilipona njiani.

Hapo ndipo walipomwona msichana mwembamba aliyevaa raba na jaketi la mazoezi, amesimama kando akisubiri chai, jasho bado linamtiririka. Alikuwa anamkodolea Pesi macho.

— Kumbe ni wewe, Mzee! Naitwa Linah, niko ile kambi ya wakimbiaji. Sisi ndio tulikuwa nyuma yako! Tulidhani coach ametuletea pesi mpya. Siku hiyo kila mtu alikimbia vizuri, hata tulishangaa. Coach anakutafuta mpaka leo.

Pesi alilishika goti lake, akalitazama. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemaliza mbio.

— Na mashetani? Jemutai akauliza.

— Mashetani gani, Mama? Pale tuko kila asubuhi. Shida ni chai tu. Tukimaliza tunasikia baridi mbaya, na hapa si njia ya kambi, kwa hivyo wengi wanarudi bila kitu.

— Siku hizi hata mashetani wanavaa raba, Waziri alinong'ona, lakini hakuna aliyemsaidia.

Linah alipuliza chai yake, akanywa, akawatazama wazee wale watatu bila ubaya wowote.

— Lakini pale na hapa si ni karibu tu? Mama akihama, nyinyi kwa nini msiende kunywa huko?

Waziri alichungulia kikombe chake. Profesa alipekua historia yote anayoijua na hakupata kitu, maana miaka yote hiyo alisubiri watu waje kwenye benchi, na wazo la yeye kuwafuata halikuwahi kumpitia kichwani.

— Mzee Otiende, umeulizwa, Jemutai alisema kwa upole, huku akibonyeza namba ya ajenti.

Profesa akainuka, akashika benchi upande wake.

— Waziri, hebu simama.

— Ya nini sasa?

— Tutalibeba aje na wewe umelikalia?

— Lakini Mama anahama wiki ijayo!

— Ndio tutangulie, Profesa akasema. Hawa wa raba wakifika kwanza, sisi tutakaa wapi?