Nyati wa Harusi ya Shufaa: Maisha ya Mzee Eliezeri Alinanuswe Mwangomo (1946–2024)

Wachungaji, mashehe, viongozi wa mtaa, ndugu zetu wa Rungwe na wa Mafinga, majirani wa Chimala, tunawashukuru kwa kufika. Mimi ni Tumpe, mtoto wa kwanza wa marehemu, nami ndiye niliyepewa kazi ya kusoma habari zake. Baba alitaka zisomwe zote. Baba mdogo Gideon, ambaye ni mdogo wake wa mwisho, alitaka zisomwe nusu, na tulibishana mpaka karatasi zilipokwenda kuchapwa. Kilichomo kwenye ratiba mlizoshika ndicho nitakachosoma. Nasimama hapa nikiwa na aibu, na wenye macho mnaiona.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1946 katika kijiji cha Masoko, Rungwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Alinanuswe Mwangomo na Bibi Esther. Alizaliwa na umbo dogo na sauti ndogo, akabaki navyo. Wenzake walimwita Kipande. Hata alipoota mvi, kuna waliotoka Rungwe wakafika hapa na kumwita hivyo mbele ya wajukuu zake. Alicheka pamoja nao. Mama anasema wakishaondoka alikuwa anaingia chumbani na kufunga mlango. Nalitaja hilo mapema kwa sababu bila hilo hamtaielewa habari ya bunduki nitakayoifikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955 na kumaliza darasa la nane mwaka 1962. Kuhusu shule alipenda kusimulia jambo moja tu. Kengele yao ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mtini, na mwalimu, akimwona hawezi kuita watu kwa sauti yake, akampa kazi ya kuigonga. Aliigonga kwa nguvu hadi ikasikika ng'ambo ya bonde. Alitwambia ndiyo mara ya kwanza kuona wakubwa wakikimbia kwa sababu yake. Akifika hapo alikuwa anatabasamu kama mtoto, nasi tulikuwa tunamwomba arudie.

Mwaka 1964 alikwenda Mafinga akawa utingo kwenye malori ya mbao, na mwaka 1968 akapata leseni ya udereva. Baadaye aliajiriwa na Mgiriki mmoja aliyelima tumbaku upande wa Iringa. Mgiriki huyo alipenda kuwinda, na baba ndiye aliyekuwa anamwendesha. Huko Mafinga ndiko alikokutana na mama yetu, Kalista, na walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Agosti 1972. Mama aliniruhusu niseme kwamba alimpenda kwa sababu ya upole wake, na kwamba upole huo hakuuigiza.

Mwaka 1976 Mgiriki alirudi kwao, na bunduki yake ikabaki kwa baba, aliyefuatilia kibali mpaka viatu vikaisha soli. Ilikuwa bunduki kubwa, ile wanayoiita 458, ya kuwindia nyati na tembo. Risasi yake moja inajaza kiganja cha mtoto. Mara ya kwanza kuipiga ilimpiga teke, akakaa chini kwenye tope, bega likavimba na kuwa la bluu. Alirudi nyumbani anacheka mpaka machozi, akamwonyesha mama lile bega kama mtu aliyetunukiwa nishani. Kuanzia siku hiyo mama aliiita mke mwenza.

Tulihamia Chimala mwaka 1981, baba akawa anasafirisha mchele. Kila Jumamosi alasiri alikaa barazani kuisafisha ile bunduki kwa mafuta na kitambaa, polepole, na sisi watoto tulikaa mbali kidogo tukiivuta ile harufu. Alisema bunduki ndogo ni ya kujaribu, lakini hii ukiipiga milima inakujibu. Wafugaji Wasukuma wa huko Usangu waliipa jina Nkuba, yaani radi kwa lugha yao. Alipopita ameibeba begani, waliokuwa wakimwita dereva walimwamkia shikamoo mzee. Na sisi wanawe tulitembea nyuma yake vifua mbele. Shuleni nilikuwa nikisema, mimi ni mtoto wa mwenye Nkuba, na hakuna aliyenigusa.

Sasa nifike kwa Mzee Faraji Matano, aliyeketi pale mbele. Wengi mnamjua kwa duka lake la mchele. Babu yake alitoka Bagamoyo, yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa. Alikuwa rafiki wa baba wa kushibana. Baba alipopata kibali cha kuwinda, Mzee Faraji alikwenda naye akiwa na kisu, kwa sababu kwetu nyama ni ya wote, na ili iwe ya wote lazima Mwislamu amchinje mnyama angali hai. Akishakufa ni kibudu, hakuna Mwislamu wa kumgusa. Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana bunduki ile haikuacha nafasi kubwa. Baba alitakiwa apige mahali ambapo mnyama ataanguka lakini abaki na uhai kidogo, kisha Mzee Faraji awahi. Kabla ya kila safari Mzee Faraji alimtania, "Baba Tumpe, niachie pumzi." Baba akamwachia, miaka yote hiyo.

Tarehe 21 Julai 2001 ilikuwa harusi ya Shufaa, binti wa Mzee Faraji. Baba aliahidi nyati kuwa zawadi yake. Siku moja kabla, waliondoka alfajiri na kibali chao kwenda pembeni mwa mbuga, na safari hiyo vijana wa upande wa bwana harusi waliomba kufuatana nao, waione Nkuba. Njiani mmoja wao alimwangalia baba, akaiangalia bunduki, akauliza kama mzee huyu mdogo kweli ataiweza. Wenzake wakacheka. Baba naye akacheka.

Nyati alipopatikana, baba hakupiga pale alipozoea kupiga. Alipiga kwenye ubongo. Yule mnyama alidondoka pale pale alipokuwa amesimama, vijana wakarusha mikono juu, wakapiga makofi, na yule aliyeuliza akaja kumshika baba mkono kwa mikono miwili. Baba alitangulia kufika kwa nyati. Akachuma jani la nyasi, akaligusisha kwenye jicho. Jicho halikufumba. Alijua amekufa, na kwamba kesho ukumbi mzima hautakuwa na nyama. Alichotakiwa kufanya ni kugeuka na kusema, samahanini, nimeharibu. Badala yake aliukanyaga ubavu kwa mguu, hewa iliyobaki ndani ikatoka puani, akaita, "Wahi, Baba Shufaa, bado anapumua."

Mzee Faraji alikuja mbio, akasoma Bismillahi, akakata. Kesho yake watu walikula pilau, na Shufaa alikula, na sahani zilipelekwa mpaka kwa wagonjwa. Baba alisema tumbo linamsumbua, hakula.

Hakuwinda tena baada ya hapo. Sisi tulieleza kwamba amestaafu akiwa bingwa. Hadithi ya risasi moja ilienea mpaka Mbalizi, na kila msimu wa mavuno alikuwepo mtu wa kumwambia, mzee hebu tusimulie ya yule nyati. Baba alikuwa anaaga kwenda kunywa maji, akirudi anaongelea mvua, na nikawa nasimulia mimi, kwa mbwembwe. Wale ambao mmewahi kuisikia kutoka kinywani mwangu, naomba mnisamehe, sikujua ninachokisifia. Urafiki na Mzee Faraji ukabaki wa salamu za njiani. Tulidhani wamekosana kibiashara. Bunduki ilikaa kwenye sanduku la chuma, na Jumamosi aliendelea kuisafisha, ila chumbani, mlango umefungwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa wa kwenda na kurudi hospitali Mbeya. Mwezi Aprili mwaka huu madaktari walituambia tumrudishe nyumbani. Siku alipopata nafuu kidogo alinituma nimwite Mzee Faraji. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha mama. Nilitaka kutoka, baba akanizuia.

Alimwambia, "Baba Shufaa, yule nyati wa harusi nilikudanganya. Alikuwa kibudu."

Mzee Faraji aliishika fimbo yake, nikadhani atanyanyuka aondoke. Kisha akasema, "Nilijua, Baba Tumpe. Damu haikuruka. Ilitoka kama maji yaliyosahauliwa kwenye mpira wa bomba."

"Sasa mbona hukusema?"

"Vijana walikuwa wanapiga makofi. Na wewe ulikuwa umeniangalia kwa namna ambayo nilishindwa. Nikasema moyoni, hili nitalibeba mimi. Nikamlisha mwanangu kibudu siku ya harusi yake, ili wewe usiaibike."

Baba alilia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake. Kumbe kwa zaidi ya miaka ishirini hawa wazee wawili walikuwa wakikwepana sokoni, kila mmoja akidhani aibu ni yake peke yake. Walishikana mikono mpaka chai ikapoa. Wakakubaliana kwamba yeyote atakayetangulia, jambo hili lisemwe kwenye maziko yake, mbele ya waliokula. Mzee Faraji aliweka sharti moja, kwamba yeye mwenyewe atangulie kumwambia Shufaa. Mimi akaniambia, "Usome yote, mwanangu. Langu pia lisome."

Mzee Eliezeri alifariki dunia nyumbani Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba.

Kaka yangu Isakwisa alitamani kuirithi bunduki, na sitamlaumu. Baba aliagiza irudishwe polisi, nasi tuliipeleka Jumanne. Kabla ya kuifunga kwenye blanketi niliiweka begani, ikiwa tupu, nikaangalia milima kwa kufuata mtutu. Nilikuwa na siku moja tu ya msiba, na bado nikajiona mkubwa. Naona haya kulisema, lakini nimelisema ili mjue kwamba baba hakuwa mtu mbaya. Kitu kile kina utamu wake, na aliyekuwa akiitwa Kipande alihitaji utamu huo kuliko wengi wetu.

Baba mdogo Gideon alisema kikaoni kwamba msiba ni mahali pa heshima, na kwamba tukisoma haya hakuna Mwislamu atakayekula tena kwenye chungu cha Mwangomo. Nilimjibu kwamba kama ni hivyo ni haki yao. Sheikh wetu ametueleza kwamba aliyekula bila kujua hana lawama, na tunamshukuru. Lawama ni yetu, nasi kama familia tunaomba radhi kwa kila aliyekaa kwenye jamvi la harusi ile, na kwa waliotangulia mbele ya haki bila kujua.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Kalista. Watoto, mimi Tumpe na Isakwisa. Mdogo wake, Gideon. Wajukuu na kitukuu mmoja. Ameacha pia rafiki, Mzee Faraji Matano, ambaye tumemwomba akae na familia.

Jambo la mwisho ni la chakula. Kwa kawaida muda huu nyama ingekuwa imeshaiva, na mmeona hakuna moshi. Ng'ombe wa msiba yuko nyuma ya nyumba, amefungwa, yu hai, anakula majani. Tulimwomba Mzee Faraji amchinje akakataa kushika kisu mpaka haya yasomwe. Hicho kisu, kile kile cha siku ya nyati, alimkabidhi Shufaa, aliyetoka Mbalizi juzi baada ya baba yake kumweleza. Alimwambia, ukiona sawa unipe, usipoona sawa mpe mwingine unayemwamini. Shufaa hajampa yeyote bado. Tangu asubuhi amekaa na akina mama kule jikoni anachambua mchele, na kisu kiko mapajani mwake, ndani ya kitenge.

Dada Shufaa, hatukuharakishi. Tutakwenda kumzika baba, na tukirudi tutakula utakachokubali wewe. Kama hutakubali, maharage yapo, tutakula wali na maharage, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayekuuliza kwa nini.

Limesemwa, Baba. Sasa lala salama.