Genya Zaslavsky, Mkusanya Visu Wetu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulitawala jiko la sinagogi yetu ya Shaarei Rahamim hapa Cleveland, Bi. Genya Zaslavsky anastaafu rasmi Alhamisi, tarehe 29 Agosti. Nasema kulitawala kwa makusudi. Marabi watatu wamepita katika muda huo, na wote watatu walibisha hodi kabla ya kufungua friji.

Alifika mjini mwaka 1979 akitokea Minsk, yeye na mumewe marehemu na masanduku mawili. Mwaka 1993 tulimwajiri kwa majuma mawili tu, atusaidie usafi wa Pasaka. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba majuma hayo yamekwisha, na yeye hakukumbusha mtu. Tangu hapo vyombo vya nyama vimekaa kushoto, vya maziwa kulia, maana sheria yetu hairuhusu viwili hivyo kuchanganyika, na aliyethubutu kukoroga kahawa kwa kijiko cha upande usio wake alisikia habari zake hadi Jumatano.

Lakini wengi watamkumbuka kwa visu. Wazee wetu walikuwa wakiondoa visu mezani kabla ya sala ya kushukuru baada ya chakula, na siku hizi nyumba nyingi zimeacha. Bi. Genya hakuacha. Hupita na sinia, meza kwa meza, akikusanya hata visu vya plastiki vya keki. Ukimuuliza sababu, hukujibu bila kusimama: "Chuma hufupisha maisha, meza huyarefusha. Mahasimu hawakai pamoja." Mara moja, kwenye karamu ya tohara ya mtoto, alikusanya na kisu cha mtahiri, akakitia kwenye droo ya visu vya nyama. Mtahiri alikitafuta nusu saa huku mtoto wa pili akimsubiri mtaa wa pili. Kilipopatikana, wazee wakaanza kubishana kama sasa kimehesabiwa kuwa cha nyama. Nadhani hadi leo hawajakubaliana.

Sasa nieleze Sabato moja ya miaka kumi na mmoja iliyopita. Mjane mmoja mwanamume, mfamasia mstaafu, alikuwa amemzika mkewe Lenore majuma matatu kabla. Kwa kuwa mtu huyo ni mimi, mhariri wa jarida hili, naomba niache kujificha. Bi. Genya alifika mezani kwangu na sinia lake, nami nikamwambia, "Chukua tu. Nilichonacho nyumbani kinanitosha."

Nilidhani nimesema kama mzaha. Yeye aliliweka sinia chini.

"Una nini nyumbani, Irv?"

Nikamwambia. Ilikuwa bastola niliyoinunua zamani, duka langu lilipovamiwa.

"Vaa koti. Tunakwenda."

"Genya, watu themanini hawajapata chai."

"Wana mikono, watajimiminia. Vaa koti."

Tulitembea mitaa kumi na minne, kwa maana siku ya Sabato yeye haendeshi gari. Njiani alinisema kuhusu viatu vyangu, kuhusu supu niliyobakiza, kuhusu kila kitu isipokuwa lile lililotupeleka. Tulipofika aliniketisha sebuleni, akanyanyua simu ya ukutani, yeye ambaye siku hiyo hata taa hawashi.

"Genya, leo ni Sabato," nikasema.

"Sabato itarudi wiki ijayo. Wewe ukienda, hurudi."

Polisi walikuja, wakaichukua. Yeye alibaki, akanipikia mayai, akanipigia simu ya pili kwa daktari. Nililia kama mtoto, na siioni aibu kuliandika hilo. Rabi alipoulizwa kama amevunja Sabato, alijibu kwamba kuokoa roho hutangulia Sabato, na kwamba dhambi ingekuwa kuchelewa.

Kwa idhini yangu alilipeleka jambo hilo kwenye kamati. Alitaka kila mwaka tuwe na Jumapili ambayo yeyote anaweza kukabidhi silaha yake kwa polisi katika uwanja wetu wa magari, bila kuulizwa maswali. Halikupita kirahisi. Sinagogi za miji mingine zilikuwa zimeshambuliwa, na Dakta Brodsky alisema waziwazi kwamba huu si wakati wa Wayahudi kutupa bunduki. Bi. Genya hakumdharau. "Mlinzi wa mlangoni namwelewa," alimjibu. "Ya kwenye droo ya kitanda inamlinda nani? Irv ilimlinda na nani?" Mwaka wa tatu Dakta alileta ya kwake mwenyewe, imefungwa kwenye taulo.

Hadi sasa zimekabidhiwa sitini na tatu. Mara tisa ameongoza basi letu hadi bunge la jimbo, Columbus, pamoja na akina mama wa makanisa ya jirani waliozika watoto wao. Sheria tunayoiomba, ya kudhibiti bunduki, haijapita. Wabunge, hata hivyo, wameshaijua keki yake ya tambi, na mmoja alikiri kwamba huyo mama ndiye mtu pekee anayemwogopa kuliko mkewe. Safari ya kumi ni Oktoba, na ametuonya kwamba kustaafu jiko si kustaafu basi.

Bi. Genya, kwa niaba ya kamati, wafanyakazi na kila aliyewahi kufukuzwa jikoni kwako, tunakushukuru. Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi, na umri wa miaka mia na ishirini kama desturi yetu. Mimi siku ile sikutaka kuiona hata jioni yake. Jumanne iliyopita nilimpakata kitukuu wangu wa kwanza, akanitapikia shati jipya, nami nikakaa nalo hivyo hivyo mpaka alipolala.