Hofu ya Fundi Cherehani Ina Kilo Ngapi?

Kijiwe chetu ni benchi la miguu mitatu na tofali, mbele ya duka la Chuma, anayenunua vyuma chakavu kwa kilo. Mimi ndiye Kamusi. Shule niliiacha darasa la sita, kwa kuwahurumia walimu tu. Siku hiyo Fundi Cherehani hakugusa kahawa yake. Kesho anapasuliwa ngiri, atalazwa kwa dawa ya usingizi, na mkewe yuko safarini kumuuguza mama yake.

— Nitalala, sawa, — akasema Fundi. — Lakini mimi mwenyewe nitakuwa wapi?

— Hutakuwa popote, — akajibu Chuma. — Mtu ni nyama na nyaya, basi. Wanazima swichi, wanashona, wanawasha.

— Na umeme ukikatika? — akauliza Fundi.

Kinyozi, jirani wa Chuma, akadakia:

— Usimtishe mwenzio! Mtu yuko kwenye nywele. Wanakuja kwangu na huzuni, wanatoka wanacheka. Huzuni naifagia mwenyewe.

— Na wenye vipara? — akauliza Chuma.

— Uliona wapi kipara na mawazo?

Chuma akavuta kofia yake mpaka masikioni.

— Nyamazeni, — nikasema, — mnaongea na mtu aliyekwenda akarudi. Mimi nilipopasuliwa, kitanda cha pili alilala mwalimu wa hesabu. Tukatoka wote miilini, tukakutana kwenye korido. Kurudi, tukapishana miili kidogo. Tangu siku ile hesabu zote ninazo mimi.

— Saba mara nane?

— Hamsini na nne.

— Na sita!

— Basi mwalimu mwenyewe ndivyo alivyokuwa.

Chuma akachoka na maneno. Akamsimamisha Fundi kwenye mizani yake ya vyuma. Sabini na mbili.

— Haya, fikiria harusi yako.

Sabini na mbili.

— Fikiria msiba.

Sabini na mbili.

— Mmeona? Mawazo hayana uzito. Kisicho na uzito hakipo, sikinunui!

— Hakipo? — Fundi akauliza. — Na hii hofu inayonitafuna tangu juzi, ni ya nani?

— Tumpime akiwa amelala, — akasema Kinyozi. — Fundi, hebu sinzia hapo hapo.

Fundi wa watu akafumba macho, kasimama wima. Ndipo akaja bibi mmoja na sufuria lililotoboka.

— Mwanangu, mbona uko kwenye mizani? Unauzwa?

Tukamweleza yote: nyaya, nywele, korido, mwalimu. Akasikiliza mpaka mwisho, sufuria kichwani.

— Haya, nimeelewa. Kesho nani anamsindikiza?

Kinyozi akapuliza mashine yake ya kunyolea, ambayo ilikuwa safi. Chuma akahesabu mawe ya mizani. Mimi, mwenye hesabu za watu wawili, nikainua birika nikamimina. Halikutoka hata tone.

Fundi bado alikuwa amefumba macho. Mshale wa mizani tu ndio uliokuwa unatetemeka.