Dorkas Syokau, Aliyeitwa Daktari

Dorkas Syokau Kitheka alizaliwa Kanyangi, Kitui, tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Kitheka na marehemu Mama Mbula. Mwenyewe aliagiza wasifu huu uandikwe bila kumpamba. Binti yake Mwongeli ndiye aliyeuandika na ndiye anayeusoma, na kuna mahali humu ambapo yeye pia hasifiwi.

Alisoma shule ya msingi hapo Kanyangi kuanzia 1970 hadi 1976. Akiwa darasa la tano alivunja chupa ya dawa ya macho ya nyanya yake ili aone ni kitu gani ndani yake kinachowasha. Alichapwa, lakini jioni nyanya huyo huyo alimwita pembeni akamwuliza, "Haya, ulipata nini?" Alimaliza kidato cha nne mwaka 1980, akasomea kazi ya maabara Nairobi na kuhitimu Novemba 1984. Alikuwa fundi wa maabara. Hakuwahi kuwa daktari.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa kanisani Nunguni, Makueni, na Mwalimu Mulinge. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mwongeli na Kyule. Kwa miaka mingi alifanya kazi Nairobi na kurudi nyumbani kila Ijumaa.

Kuanzia 2011 alikuwa katika maabara ya chuo kikuu, pamoja na watafiti wa nanoteknolojia, sayansi ya vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Walikuwa wakitoa kiini cha manjano, haya ya kupikia, na kukifungia ndani ya vifuko vya mafuta vidogo mno, hivi kwamba mamia yangepangwa kwenye upana wa unywele mmoja. Mtu akila manjano, sehemu kubwa hupita tumboni ikatoka bila kufanya kazi. Vifuko vile vilikusudiwa kukifikisha kiini hicho kwenye damu. Panya wenye vidonda walipona upesi. Kwa binadamu, dawa haikuwa imejaribiwa. Kazi hiyo aliipenda kwa moyo wote, na fedha za mradi zilipokatika mwaka 2018 alistaafu akiwa na huzuni, kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

Alipofika nyumbani Nunguni, chifu alimsimamisha kwenye baraza na kusema, "Huyu ndiye daktari wetu wa nano." Watu walipiga makofi. Syokau alisimama, akatabasamu, akaketi. Baadaye alisema kwamba maneno mawili tu, "mimi si", yangetosha, naye hakuyatamka.

Majirani walianza kuja na magoti yao, na sukari yao, na presha yao. Hakuwa na mashine ya kutengeneza vifuko. Alinunua manjano sokoni Makindu, akayasagisha kwenye posho mill, akachanganya na pilipili manga, akatia kwenye mikebe na kubandika karatasi: Manjano ya Nano, Dkt. Syokau. Hapakuwa na nano yoyote ndani yake, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote Makueni nzima.

Mwezi Machi 2021 alikuja Bwana Ndolo, fundi cherehani wa soko la Nunguni, mwenye kisukari. Aliuliza, "Daktari, niendelee na vile vidonge vya hospitali?"

Syokau alimjibu, "Vipumzishe kidogo, tuone."

Agosti mwaka huo Bwana Ndolo alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Syokau alipopata habari alibandua karatasi zote zilizobaki nyumbani, akamwaga unga shimoni. Hakuuza tena. Lakini mikebe iliyokwisha kutoka ilikuwa katika nyumba za watu, nao waliendelea kuitumia. Alitaka kusimama kanisani awaambie. Familia ilikaa kikao. Mwongeli alimwambia, "Mwaitu, mama yangu, utatuaibisha. Mimi ni mwalimu hapa, nitawatazamaje wazazi?" Mwalimu Mulinge alisema yameshapita. Mama alitii. Tulinyamaza miaka mitatu, na aibu hiyo si yake peke yake.

Tarehe 11 Septemba 2024, katika hospitali ya mji wa Wote, aligunduliwa ana saratani ya kongosho. Siku hiyo hiyo, kabla hata ya kufika nyumbani, alimwambia Mwongeli, "Sasa sikuombi ruhusa."

Walipitia sokoni, wakamkuta Bwana Ndolo kibandani kwake, akishona kwa cherehani ya mkono. Syokau alimweleza yote akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti.

"Siku ile nilipokuuliza kuhusu vidonge, ulijua?"

"Nilijua sina jibu. Nikakujibu."

Bwana Ndolo aliendelea kutia uzi kwenye sindano. Kisha akasema, "Mimi nimeshajua. Nenda uwaambie wengine." Hakusema amemsamehe, na mama alituonya tusije kusema hapa kwamba alisamehewa.

Alikwenda. Alikumbuka watu arobaini na mmoja. Jumapili alisimama kanisani, kisha akaenda nyumba kwa nyumba, Mwongeli akimshika mkono kwenye miteremko. Wengine walilia naye. Mmoja alimfungia mlango. Bibi mmoja alimrudishia mkebe akasema, "Lakini magoti yangu yalipona," na Syokau akamjibu, "Usinitetee, mama." Kufikia Aprili miguu ilikataa. Alikuwa amewafikia thelathini na wanne.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, nyumbani Nunguni, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume wake Mwalimu Mulinge; watoto wake Mwongeli na Kyule; wajukuu watatu; kaka yake Mulwa na ndugu wengine wa Kanyangi. Ameacha pia watu saba ambao hakuwafikia. Kama uko hapa, au jirani yako ana mkebe wenye jina la mama yetu, tunakuomba usiutumie. Ulete kwetu leo, hata kama mazishi yanaendelea, na kesho asubuhi urudi hospitali kwenye dawa zako. Hatutaona haya kuupokea mbele ya watu.

Mungu amlaze mama yetu penye utulivu, na atusaidie kuimaliza safari yake.