Komba na Ukurasa wa Kumi na Sita

Benchi letu ni mbao mbili juu ya matofali, mbele ya duka langu la fotokopi, na yeyote atakayekwambia ni la kinyozi ni mwongo, maana mbao nilitoa mimi. Kila asubuhi, muuza kahawa akishatua birika, tunakuwa wanne. Mimi wananiita Kopi. Kinyozi wa mlango wa pili tunamwita Waziri, kwa kuwa ana jibu la kila kitu na hajawahi kuulizwa. Kuna Dobi, anayefua hadi saa tatu na kubisha hadi saa sita. Na kuna Fundi Saa, mkubwa wetu kwa umri, mtu mpole anayeongea taratibu utadhani kuna mtoto kalala jirani. Mwaka mzima sasa hatujabishania mpira wala siasa. Tumebishania komba.

Huyo komba ni wa kwenye katuni. Anayemchora ni dada mmoja mshona sare za shule, anakaa ghorofani juu ya duka langu. Hana kampuni wala tajiri nyuma yake. Huchora usiku akimaliza kushona, ananiletea kurasa zake ndani ya foronya zisikunjike, mimi napiga nakala sitini, nakunja, nabana pini, yeye anakwenda kuziuza mwenyewe. Ukiona jalada lake, komba mwenye macho makubwa, kobe kavaa sweta, utampa mtoto wa chekechea. Ukifungua ndani utamnyang'anya. Msitu wote unakauka, na nyuma ya kila mnyama aliyechoka anatembea mmoja anayeitwa Asiye na Kivuli. Komba mdogo kambeba bibi yake mgongoni, anatafuta mti usiokauka. Ameshautafuta matoleo kumi na moja.

Aliyetutia ugonjwa huu ni Fundi Saa. Mkewe, ambaye sisi tunamwita Shemeji, anaumwa mwaka wa pili huu, na Fundi humsomea katuni hiyo kitandani. Kwa hiyo nakala ya kwanza ya kila toleo, ile ninayopiga kujaribu mashine, ni yake. Na Jumatano hii alikuwa ampeleke mkewe hospitali ya tatu, mbali, safari ya basi ya siku nzima na nusu. Hospitali mbili za kwanza zilishawaambia hazina la kufanya tena. Fundi alizisikia, akaenda kutafuta ya tatu.

Sasa nikiri. Toleo la kumi na mbili lilipokuja, ukurasa wa kumi na tano bibi anasema, "Nishushe hapa, mjukuu wangu." Nikageuza wa kumi na sita, ambao ndio wa mwisho, nikaitazama ile picha. Nikawaza, huyu mzee ndio akamsomee mkewe hiki, na Jumatano ile pale? Nikachukua karatasi nyeupe, nikaifunika picha, nikapiga kopi. Nakala ya Fundi ikatoka na mgongo mtupu, ukurasa wa nyuma mweupe kabisa. Zile sitini za mwenyewe nilizitoa sawasawa, zipo chini ya kaunta. Najua kazi ya mtu wa kopi ni kutoa kilichoingia. Lakini nilikuwa peke yangu dukani na huruma ikanizidi.

Ndipo balaa likaanza, maana Fundi Saa aliileta nakala yake benchini, na watu wakaona hadithi haina mwisho.

— Mtunzi kaishiwa wino, akasema Dobi.

— Hajaishiwa. Huo weupe ndio mwisho wenyewe, akasema Waziri. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

— Hiyo walimsema mtu kama wewe.

Waziri hakushtuka. Akashusha kikombe, akatueleza kwamba yule bibi hajawahi kuwa bibi. Ni Asiye na Kivuli mwenyewe, kajifunga shali, na mjukuu anambeba adui bila kujua. Ushahidi: toleo la nne, ukurasa wa saba, bibi hana kivuli. Dobi akamkumbusha kuwa pale ilikuwa saa sita mchana. Waziri akasema kikulacho ki nguoni mwako. Dobi akaona hapo ameingiliwa kazini, akasema yeye kapekua nguo za watu miaka ishirini, amekuta meno ya bandia, amekuta mjusi, bibi hajamkuta hata siku moja.

Kisha akatoa lake. Kwamba komba alikufa toleo la kwanza, alipoanguka kutoka mtini. Wote mle ni wafu, ndiyo maana hawali.

— Wanakula, nikasema. Toleo la sita walikula matunda.

— Walitafuna. Uliwaona wakimeza?

Hapo hata muuza kahawa akasahau kumimina. Waziri hakukubali kushindwa, akasema kama ni hivyo basi komba na bibi ni mtu mmoja, kijana kabeba uzee wake mwenyewe, na mti anaoutafuta haupo, na mtunzi ni mzee wa miaka tisini anayejua siku yake. Mtunzi alikuwa ghorofani juu ya vichwa vyetu, ana miaka ishirini na sita, cherehani yake tunaisikia. Mimi nikanywa kahawa yangu. Kila walipouliza mashine yangu imefanyaje, nilisema mashine ni mashine.

Fundi Saa alikuwa anatusikiliza. Alikuwa kasimama, hakukaa asubuhi yote. Waziri akamuuliza Shemeji amelichukuliaje jambo hili la mwisho mtupu.

— Nilimtungia mwisho, akasema Fundi. Nilimwambia komba kaupata mti, bibi kapona, wamejenga.

— Akasemaje?

— Hakusema. Jana usiku aliniomba kitabu akishike mwenyewe. Leo asubuhi nimekipitia pale kwake, kumbe alikuwa hajalala, ananiangalia nikikichukua.

Tulimwonea huruma. Dobi akamsogezea kikombe. Na wakati huohuo nikamwona Shemeji mwenyewe.

Alikuwa anakuja ukutani ukutani, mkono mmoja umeshika ukuta, hatua, anapumzika, hatua. Nyumba yao iko nyuma tu ya saluni ya Waziri, lakini miezi minane tulikuwa hatujamwona barabarani. Amekonda mno, Shemeji. Fundi akamkimbilia, mikono tayari kumnyanyua, akaambiwa amwache, amekuja kwa miguu yake na kwa miguu yake atafika. Akafika. Sisi watatu tukawa tumeshasimama, benchi zima likabaki lake. Akaomba kahawa, akaomba kitabu.

Hapa niseme jambo nililolisahau siku ile, na ndilo lililoniponza. Kabla ya kuugua, Shemeji alikuwa mshona vitabu katika kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini. Alikigeuza kile kitabu, akauelekeza mgongo mtupu kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya weupe. Kulikuwa na mstari mwembamba wa kijivu pembeni, pale ukingo wa karatasi yangu ulipotia kivuli. Mimi mwenyewe nilikuwa sijauona.

— Hapa pamefunikwa, akasema. Nani kanifunikia?

Waziri akanigeukia mimi. Nikasema ni mimi, Shemeji. Nikasema nilimwonea huruma Fundi, nikasema nilimwogopea na yeye, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujiona mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika. Akaniambia tu nimletee.

Nikaingia dukani, nikatoa moja chini ya kaunta, nikampa.

Ni picha moja, haina maneno. Komba kamshusha bibi yake chini ya mti mkavu, kamfunika majani hadi kifuani, kaketi kando yake, kamshika mkono. Bibi kafumba macho. Nyuma kidogo, juu ya jiwe, Asiye na Kivuli naye kaketi, kapakata mikono, anangoja bila haraka. Mimi niliiona kwa mara ya pili, sasa mbele za watu.

Shemeji akaisogeza karibu na macho. Dobi akavua kofia, sijui kwa nini.

— Hata huyu kakaa, akasema, akimgusa Asiye na Kivuli kwa kidole. Kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja. — Ninyi mmezisoma zote kumi na mbili. Hebu niambieni. Kuna mahali popote komba alipomuuliza bibi yake anataka kwenda wapi?

Waziri akafungua mdomo. Nikamwona anapita toleo la kwanza, la pili, la tano kule mtoni, la tisa kule kwa kobe. Akaufunga. Dobi akahesabu kwa vidole, akafika saba, akaacha. Mimi niliyezikunja kurasa zote hizo kwa mkono wangu, mara sitini sitini, sikukumbuka hata ukurasa mmoja. Komba alimuuliza kobe, akauuliza mto, akawauliza ndege. Bibi alikuwa mgongoni kwake muda wote.

Fundi Saa alikuwa bado kasimama. Aliitazama mikono yake, mikono ya kushika vyuma vidogo kuliko punje.

— Nilikuwa nataka upone tu, akamwambia mkewe.

— Najua, Fundi. Umenibeba vizuri.

Akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

— Wewe unataka kwenda wapi, mke wangu?

— Siendi popote. Nataka nikae kwangu, na wewe ukae.

Fundi Saa akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na hakuna aliyemtania. Alipoinuka alisema Jumatano hawasafiri. Alisema taratibu kama kawaida yake, tukasikia wote. Kisha akamnyooshea mkono.

— Basi twende nyumbani.

Shemeji akaushika ule mkono, akamvuta aketi pembeni yake.

— Bado, akasema. Ndiyo kwanza nimekaa.