Mwalimu Ignasi, Aliyewapeleka Watoto wa Kariakoo Mabondeni

Jumamosi hii, tarehe 13 Desemba 1958, Mwalimu Ignasi Mapunda anastaafu baada ya kufundisha jiografia kwa miaka ishirini na tisa katika skuli yetu hii ya nyuma ya soko. Alikuja kutoka Songea na sanduku la bati na ramani moja. Sanduku limeshaoza. Ramani bado iko ukutani darasa la sita, ingawa paa linalovuja limeiongezea ziwa ambalo Serikali hailijui.

Mwalimu hakukubali kwamba mlima unafundishika ubaoni. Kila Agosti aliwapandisha wanafunzi gari la moshi hadi Morogoro, kisha kwa miguu siku tatu kupita mabonde ya Uluguru, maji yakiteremka kila upande na mashamba ya njegere yameng'ang'ania ubavuni mwa milima. Mwaka wa kwanza tangazo lilisema "safari ya mabondeni", na wazazi wakaja juu. Kwa mtu wa Kariakoo bonde ni Jangwani, na Jangwani mtoto hufika kila siku bila ya msaada wa mwalimu. Aliyeelewa ni Bwana Kanubhai peke yake, mwenye duka la vyombo hapo mkabala. Akatoa kigunia cha karanga za njiani, na tangu hapo hakukosa hata mwaka mmoja.

Yaliyotokea Agosti 1951 kila mtu anayajua, na kila mtu anayajua vibaya. Ndiyo sababu wasifu huu umekuwa mrefu kuliko ule wa mstaafu aliyemtangulia, Mwalimu Eliasi, ambaye naye alikuwa mtu mwema.

Hapa skulini tuna desturi ambayo walimu hujifanya hawaioni. Mtoto akichelewa kwenye vitumbua vya Msimbazi, jina lake likiitwa, rafiki yake huibadili sauti kidogo na kuitikia, "Nipo!" Mchana ule ukungu ulishuka bondeni Mgeta, Mwalimu akasimama na daftari akaita majina. Alipofika kwa Safari bin Abbasi, sauti ikaitika, "Nipo!" Safari hakuwapo. Alikuwa nyuma mtoni, mguu umeteguka, na jina lake halikumsaidia kitu. Daftari la siku ile tunalo ofisini: wanafunzi thelathini na wawili, wote wamehudhuria.

Saa nzima ilipita ndipo yule aliyeitikia akaanza kulia na kusema kweli. Mwalimu akamwambia, "Nyamaza. Mwenye daftari ni mimi." Akawaacha watoto kwa jumbe wa kijiji, akarudi peke yake ndani ya ukungu. Alimkuta Safari juu ya jiwe, akambeba mgongoni hadi barabarani. Gari la moshi likawaacha, wakafika mjini kwa kuchelewa siku nzima.

Stesheni wazazi walikuwa wamejaa. Mama yake Safari, Bi Kijakazi, mkaanga samaki wa Feri, hakuhitaji kipaza sauti. "Mwalimu, mwanangu si mwavuli hata ukamsahau!" Watu wakacheka, na mzaha ule ukaingia mitaani kuliko tangazo lolote la skuli. Mwalimu alijibu maneno mawili tu: "Nimekosa, mama." Aliyeitikia alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale.

Mwaka uliofuata walijiandikisha watoto tisa. Kisha watatu. Tangu 1955 hajajiandikisha hata mmoja, na mtaani wakamwita Mwalimu Mwavuli. Lakini kila Agosti alikwenda. Alipanda gari peke yake, akatembea mabonde yale yale, na kigunia cha Bwana Kanubhai begani, kimejaa kama zamani. Mtu mmoja hawezi kumaliza karanga za watoto thelathini. Zilizobaki alitugawia ofisini, wala hakuhadithia alichokiona, nasi hatukumwuliza. Anaishi Mtaa wa Sikukuu, chumba kimoja, na siku za sikukuu zenyewe huja skulini kusahihisha madaftari. Nyumbani, asema, kuna kelele za watu wengine.

Mwezi uliopita kijana mmoja, mtu mzima sasa, alikuja ofisini na kofia mkononi. Akasema, "Karani, ile sauti ya Mgeta ilikuwa yangu." Jina lake halitaandikwa hapa. Mwalimu amelificha miaka saba, tena kwa gharama ya lake mwenyewe, na hapendi kuisikia habari hii. Ataisoma leo pamoja nanyi, na bila shaka atakasirika.

Jumatatu anahamia Mgeta, ambako hana ndugu. Na hapa pia hatukumfanya awe nao. Gari linaondoka saa tatu asubuhi. Tiketi aliyokata ni moja. Bi Kijakazi alisomewa ukurasa huu kabla haujapigwa chapa. Kwa sauti ya chini, jambo ambalo Feri hawataliamini, akauliza gari linaondoka saa ngapi, akaambiwa, akauliza tena.

Mwalimu Ignasi, tunakushukuru kwa miaka yote, hasa ile saba. Huko uendako Mungu akupe baridi ya kiasi, njia zisizoteleza, na majirani wanaobisha hodi.